Chombo cha Mkono wa Kushoto

Kijiji cha Ak-Terek,
Bonde la At-Bashy,
Naryn.
6 Septemba 2019.

Mpendwa mkazamwana wangu Meerim,

Nimeandika "mkazamwana" kwa makusudi, tena nimekoleza wino. Karatasi ya talaka aliyokuletea mwanangu ni baina yako na yeye. Mimi haikunipitia mkononi, wala sikuulizwa, kwa hiyo hainihusu.

Salamu kwanza. U hali gani huko Novosibirsk? Baridi imeshaanza kuuma? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kila ukitoka kwenye kiwanda cha makoti? Na mjukuu wangu Aiperi je, jino limeota pale palipokuwa na pengo? Mwambie yule mbuzi wake mweupe alizaa mapacha wakati wa machipuko, nao wamerithi utundu kwa mwenye mbuzi. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Magoti yananiuma nikiinuka na vidole vyangu unavijua, lakini mdomo hauumi, kama utakavyojionea.

Najua utashangaa kupata barua. Kwenye simu wewe hulia, nami nikisikia unalia nasahau nilichotaka kusema, tunaishia kuulizana bei ya unga. Barua haina wa kuikatiza. Atakuletea mume wa Saltanat, anayekuja huko na lori la viazi. Usimwache aondoke bila chai, na asijifanye ana haraka, hana.

Mara ya mwisho tuliposemezana nilikuambia habari za warsha, ukaniuliza swali moja halafu ukakata simu. Uliuliza: "Mama, nije kama nani?" Swali hilo limenikaa kooni tangu siku ile. Nimeamua kulijibu kwa maandishi ili usiseme hukusikia vizuri.

Basi warsha iko palepale. Ni wiki ya kwanza ya Oktoba, kondoo wakishanyolewa sufu ya vuli. Wazo ni la Saltanat, yule mwalimu wa shule anayetembea kama anafukuzwa na mbwa. Alikuja mwezi wa sita akasema, "Mama Burulkan, tufungue ua wako tuwafundishe watu vyombo vya sufu. Waje wasichana wa hapa, waje na wa Naryn mjini." Nilikubali kabla chai yake haijapoa. Alikuwa amejiandaa kunibembeleza, ikabidi maneno yake mazuri ayameze.

Unajua kwa nini nilikubali upesi. Nyumba hii inajulikana bonde zima kwa vyombo vyake, mifuko ya sufu iliyokandwa ya kubebea mabakuli. Wakati wengine wanahamia malisho ya juu na mabakuli yao yanagongana maguniani mpaka yanaisha, ya kwetu yalifika mazima kwa sababu yalilala ndani ya sufu. Na unajua sheria yake: ufundi hufundishwa mkazamwana, hafundishwi binti, maana binti ataolewa na kuupeleka kwa watu wengine. Mabinti wa nyumba hii wamekua wakiona migongo ya mama zao. Mimi mwenyewe wifi zangu nikiwatengenezea chombo niliambiwa nifunge mlango.

Sasa tazama sheria ilipotufikisha. Wanaoujua ufundi huu tumebaki wawili, mimi na wewe. Mimi vidole havikunjiki. Naweza kumwambia mtu kila hatua, jinsi ya kuchambua, jinsi ya kulizungushia jiwe tabaka za sufu, lini amwagie maji ya moto, lakini ile saa ya kukaza, sufu inaponywea na jiwe halinywei, mikono yangu inakataa. Bila wewe ni warsha ya maneno, na kwa maneno matupu hakuna bakuli lililowahi kufika mlimani zima.

Matayarisho yanakwenda. Masufuria mawili makubwa ya maji ya moto nimeyapata, moja ni lile la harusi yako, limekwanguliwa masizi mpaka linaona aibu. Mikeka ya matete imeshonwa upya. Mawe tutaenda kuyaokota mtoni sote pamoja, kila mwanafunzi achague lake, la ukubwa wa kichwa cha mwanakondoo, alibebe mwenyewe. Mtu asiyeweza kubeba jiwe lake toka mtoni hataweza kulikandia sufu. Chakula ni kwangu siku ya kwanza, nyama na tambi, kisha kila nyumba kwa zamu.

Nimegombana na Saltanat mara moja tu, juu ya maua. Alisema watu wa mjini wanapenda vyombo vyembamba vya kuwekea maua. Nikamwambia maua yana ardhi, hayakuniomba nyumba. Akacheka, akasema basi wafundishwe vyote viwili. Nimemwachia siku moja ya maua, ya mwisho, watu wakishachoka.

Mtu aliyetaka kutuvunjia jambo hili ni Shemeji Mkubwa. Jina lake sijalitamka tangu niolewe na mdogo wake, Mungu amrehemu, kama desturi ya ukweni, na sitaanza leo kumpamba nalo kwenye karatasi yangu. Wewe unajua ni nani.

Alianza na sufu. Kundi lote la kondoo liko mikononi mwake, nusu yake ikiwa ya marehemu mume wangu, na akatangaza dukani kwamba msimu huu sitapata hata unyoya. Majirani wakaniletea walichonacho, sufu ya machipuko, Mungu awalipe wema wao. Lakini unaijua ile: ndefu, kaidi, kila uzi unajali mambo yake. Unaikanda mpaka jasho linakutoka na bado inaachana. Nimeipokea nikaijaza kwenye mito.

Kisha akaja kwenye tangazo. Saltanat alikuwa amelibandika ukutani pa duka: warsha ya vyombo vya sufu, mabinti wote wanakaribishwa, walimu Burulkan na Meerim. Akalibandua. Tukabandika jingine, akalibandua nalo. Saltanat akachukua kopo la rangi ya bluu akaja kuyaandika maneno yaleyale juu ya ukuta wa ua wangu, upande wa barabarani, herufi kubwa kama za kituo cha mafuta. Jina lako limeandikwa kwa unene zaidi kuliko langu kwa sababu rangi ilikuwa bado nyingi. Nimeangalia nikaona inapendeza, nikamwambia asiguse.

Ijumaa iliyopita akaja mwenyewe, juu ya farasi wake mwekundu, na wazee wawili nyuma yake ili mambo yaonekane ya ukoo. Nilikuwa uani na Saltanat na wanawake wengine tunapiga sufu kwa fimbo.

"Shemeji, karibu chai," nikamwambia.

"Sikuja kunywa chai."

"Basi kaa usinywe."

Akakaa. Wale wazee wawili wakanywa, hawakuwa wajinga. Mmoja wao, Mzee Kachkynbai, alikula maandazi mpaka nikaongeza sahani.

Shemeji akasema, "Burulkan, ufute ule ukuta. Ufundi huu ni wa nyumba yetu. Leo unawapa mabinti, kesho uko kila mahali, sisi tutabaki na nini?"

"Leo tumebaki na nini, Shemeji? Una chombo kipya nyumbani kwako?"

Akarukia kwako. "Na huyo uliyemwandika si wa nyumba hii tena. Amekwenda zake. Hata alipokuwepo hakuwa na baraka. Siku ya kwanza kabisa, mbele ya wageni, ananimiminia chai kwa mkono wa kushoto! Nilisema palepale, huyu ameingia na mguu mbaya. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," nikamjibu. "Wote tulikusikia. Naye alikusikia."

Meerim, nilihisi damu imenipanda mpaka kwenye masikio. Nilikumbuka ulivyoirudisha birika mezani na mkono ukauficha ndani ya mkono wa gauni, na jinsi tangu siku ile ulivyokuwa ukimimina kwa kulia na kumwaga, ukiambiwa mzembe. Sikusema kitu siku ile kwa sababu mume wangu alinikazia macho. Ijumaa hapakuwa na wa kunikazia macho.

Shemeji akaendelea kujichimbia. Akasema vyombo tutakavyofundisha ni vya kuchezea watoto. Akasema chombo cha nyumba hii kabla ya kupanda mlimani hutiwa bakuli, kikadondoshwa toka juu ya tandiko, na bakuli lisipopona chombo hutupiwa mbwa walalie. "Vyenu mtavidondosha toka wapi, juu ya kigoda?"

Nikainuka. Magoti yalilia lakini niliinuka. Niliingia ndani nikateremsha vyombo vyote vilivyoning'inia nyuma ya mlango, nikavipanga mbele yake juu ya mkeka, nikaenda kuleta lile bakuli la bluu lenye maua ya pamba, la marehemu mama yake.

"Farasi unaye," nikamwambia. "Tandiko unalo. Bakuli la mama yako hili hapa. Chagua chombo mwenyewe. Likivunjika, nafuta ukuta leo hii kwa mikono yangu mibovu. Lisipovunjika, sitaki kukusikia tena."

Saltanat alinishika kiwiko. Nilimwondoa.

Shemeji si mtu wa kukurupuka, hilo nampa. Alivishika kimoja kimoja. Alilowesha dole gumba mate akakisugua kila kimoja chini, akatazama sufu ilivyozunguka. Vyangu akavisukuma kando. Vingine vya ujana wangu, vilivyolegea, akavicheka. Kisha akashika kimoja akatulia nacho. Akakiinua juani, akakizungusha.

"Hiki," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Hiki ni cha mama. Vya kwako sufu inazunguka hivi, vya mama inazunguka hivi, kinyume na wanawake wote. Tangu mtoto najua. Ilikuwa siri yake, hakumwambia mtu."

Sikumsahihisha. Hakuniuliza. Wewe na mimi tunajua kwamba siku ya mazishi ya Mama Mkwe, mama yake Shemeji, vyombo vyake vyote waligawiwa wanawake waliomwosha, hakikubaki hata kimoja nyuma ya mlango ule. Wanaume walikuwa nje na farasi na wageni. Wangejuaje kilichogawiwa ndani?

Akatia bakuli ndani, akafunga mdomo wa chombo, akapanda farasi. Akasimama kwenye vikuku vya tandiko ili pawe juu zaidi, maana anajua kuonea. Akainua mkono, akaachia juu ya mawe ya langoni.

Nakuambia ukweli, nilifumba macho. Nilisikia kishindo kizito, kisha kimya. Nilipofumbua, chombo kilikuwa kimeviringika mpaka miguuni kwa Mzee Kachkynbai, naye alikuwa anakifungua kwa vidole vya mafuta ya maandazi. Akatoa bakuli. Akaligonga kwa ukucha, likalia kama kengele ndogo. Hapakuwa na hata ufa wa unywele.

Shemeji akashuka. Macho yake yalikuwa na maji, usicheke, nami sikucheka. Akakishika chombo kile kwa mikono miwili. "Mwanamke anayeweza kufundisha hivi, afundishe," akasema. "Afundishe mabinti, afundishe na waliotoka mwezini, sitamzuia. Lakini tutampata wapi? Amekwisha kufa."

"Hajafa," nikasema. "Yuko Novosibirsk, anashona makoti."

Nilimpokonya chombo nikakigeuza ndani nje kidogo, nikamwonyesha kitanzi cha kuning'inizia ulichokishona chini ya ukingo. Kamba nyeusi na nyeupe. Ile ile iliyofungwa miguuni mwa Aiperi siku alipoanza kutembea, watoto wakakimbia mbio na aliyewahi akaikata. Shemeji alikuwepo siku hiyo, ndiye aliyetoa mwanakondoo kwa mshindi. Na anajua kama mimi kwamba Aiperi alizaliwa Mama Mkwe akiwa ameshazikwa.

Alikaa akaitazama kamba. Wazee wale wakaacha kutafuna.

"Mbona inazunguka kama ya mama?" aliuliza.

"Kwa sababu mama yako alikuwa wa mkono wa kushoto, Shemeji."

"Mama yangu?"

"Mama yako. Alikumiminieni chai kwa kulia maisha yake yote, na mkitoka nje anafunga mlango anaikanda sufu kwa kushoto. Haikuwa siri ya ufundi. Ni mkono aliokuwa anauficha. Ule usiku ulipomtukana Meerim, alimchukua stoo, akamwekea sufu kwenye mkono huohuo wa kushoto, akamwambia, huku ndani hakuna mwanaume, fanya kazi na mkono wako."

Kisha akauliza polepole, kama mtoto, "Mbona hakuniambia mimi? Mimi mwanawe?"

"Meerim ulimwambia nini?"

Mwanangu, hilo ndilo jambo nililotaka ulijue, na kwenye simu ningelia mimi. Shemeji alivaa kofia yake akaondoka kwa miguu, akimvuta farasi kwa hatamu, na wale wazee wakamfuata baada ya kumaliza chai. Hakutazama ukuta alipoupita.

Asubuhi yake nilikuta magunia ya sufu langoni. Nimeyafungua yote. Ni ya vuli, laini, ya kondoo wa kwanza kunyolewa. Saltanat alitaka niende kumshukuru. Nikamwambia nusu ya kundi lile ni la mume wangu, mtu hashukuriwi kwa kukurudishia chako. Sijui kama amekubali. Sijamwuliza, na sitamwuliza. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na chura akinyamaza ng'ombe hasemi asante.

Sasa nijibu swali lako.

Hutakuja kama mgeni, kwa sababu mgeni hupangiwa pa kukaa. Hutakuja kama mke wa mtu. Ulan ni mwanangu, nilimnyonyesha, siwezi kumkana, lakini nimemwambia wiki ile akae hukohuko Bishkek na huyo wake, langoni kwangu hapiti. Alisema, "Mama, unamchagua yeye kuliko mimi?" Nikamwambia yeye anajua kufanya kitu na wewe unajua kuacha vitu, kwa hiyo ndiyo, kwa wiki ile namchagua yeye. Amenuna. Atakunjuka.

Unakuja kama mwalimu, kama ukuta ulivyoandika. Wasichana wameshajiandikisha mpaka Saltanat anaogopa mkeka hautatosha. Mabinti wa Shemeji mwenyewe wapo, wawili, wamekuja jioni na kuomba nisimwambie baba yao. Nimewaambia nitamwambia baba yao mimi mwenyewe, tena sokoni. Na kuna msichana mmoja wa Mzee Kachkynbai, mdogo, alikaa ukumbini kwangu akisaidia kuchambua sufu, nikaona anachambua kwa kushoto na akiingia mtu anahamisha kulia. Nilijifanya sikuona. Huyo nakuachia wewe.

Omba ruhusa kiwandani mapema. Wakikunyima, acha kazi. Makoti yapo mengi duniani. Aiperi mje naye, asome wiki ile kwa Saltanat. Chumba chenu kimepakwa chokaa. Chombo chako nimekirudisha nyuma ya mlango, na bakuli la Mama Mkwe nimeliacha humohumo ndani, lilale.

Msalimie Aiperi, mbusu kwenye pengo. Msalimie na yule Gulsun mnayekaa naye chumba kimoja, mwambie akija kutembea tutamchinjia. Saltanat anakusalimu, shangazi Tursunai anakusalimu na kuuliza kama umenenepa, Mzee Kachkynbai anakusalimu na kusema maandazi yako yalikuwa bora kuliko yangu, nami nimemsamehe.

Mungu akulinde barabarani, akupe afya ya kifua na nguvu ya mikono yote miwili, na mvua ya huko isikuguse mpaka uvuke mpaka. Nimekuombea dua hii kwa viganja vilivyofunguka kadiri vinavyoweza kufunguka.

Jambo moja la mwisho. Siku ya kwanza ya warsha wazee wote watakuja kubariki kazi, Shemeji akiwa mbele, na chai itabidi imiminwe. Utaimimina wewe, mbele ya kila mtu, kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye utakayeanza naye. Akikataa bakuli lako, na ameze mate.

Wako akupendaye leo kama siku ulipovuka kizingiti changu,
Mama yako,
Burulkan.